Mguu ndio unaomaliza noti: kujifunza kubuni jazi kwenye vibrafoni

Shika virungu viwili, kanyaga pedali ya vibrafoni, chombo cha vibao vya chuma vinavyopigwa kwa virungu, hadi chini, kisha piga noti hizi kwa kufuatana: D, F, A, C, B, A, G, F, E. Ukiziandika kwenye karatasi, huo ni mstari safi kabisa wa jazi. Noti nne za kwanza ni kordi (noti zinazokwenda pamoja) ya Dm7, yaani D maina yenye saba, nne zinazofuata zinashuka juu ya kordi ya G7, na E inatua kwenye kordi ya C. Lakini masikioni ni ukungu mtupu. B inapigwa huku C bado inalia, E inapigwa huku F bado inalia, na hao majirani wa nusu hatua, umbali mdogo kabisa kati ya noti mbili, wanagombana hadi msikilizaji hajui kordi imebadilika wapi. Noti ulizochagua hazina kosa. Kosa ni kwamba hukuimaliza hata moja.

Kati ya yote niliyojifunza kwenye chombo hiki, hilo naliweka mbele. Mpiga tarumbeta akiishiwa pumzi, noti yake inakoma. Mpiga piano akiinua kidole, felti inashuka na kuzima waya. Kwenye vibrafoni, kibao cha alumini kikishapigwa huku pedali iko chini kinaendelea kulia kwa sekunde kadhaa, na vile vya chini hulia muda mrefu zaidi ya vile vya juu. Mkono ulishaondoka zamani. Kwa hiyo kila noti inadai maamuzi mawili: ianze lini, na ikome lini. Wanafunzi wengi wanafanyia mazoezi uamuzi wa kwanza kwa miaka, wanajua skeli zote kumi na mbili, na bado solo zao, yaani zamu zao za kubuni peke yao, zinasikika kama mtu anayezungumza bila kufunga mdomo.

Kagua chombo kwanza

Vibrafoni ya kawaida ina vibao 37, oktava tatu kutoka F hadi F. Katikati ya safu mbili za vibao unapita upapi mmoja mrefu uliovikwa felti. Pedali ikiwa juu, felti inagusa vibao vyote. Ukikanyaga, inaviachia. Upapi huo ukikaa upande, mazoezi yote ya mguu yatakudanganya. Kuukagua ni kazi ya dakika mbili: kanyaga pedali polepole sana huku ukipiga kwa zamu kibao cha chini kabisa, cha katikati na cha juu kabisa. Vyote vitatu vianze kulia karibu wakati mmoja. Cha juu kikianza kulia na cha chini bado kimezimwa, rekebisha kimo cha upapi upande mmoja. Kisha linganisha safu ya mbele na ya nyuma kwa namna hiyohiyo, A na B-flati kwa mfano. Mara nyingi felti imebonyea na kuwa ngumu upande wa safu ya mbele, maana ndiyo inayopigwa zaidi, na matokeo yake noti za mbele huzimika kwa mkwaruzo wakati za nyuma zinazimika kimya.

Zima mota wakati wa mazoezi. Visahani inavyovizungusha kwenye midomo ya mirija iliyo chini ya vibao hufungua na kufunga mirija hiyo, na sauti ikapanda na kushuka kama wimbi. Wimbi hilo ni zuri, ila linaficha mwisho wa noti, na mwisho wa noti ndio unaoufanyia kazi. Ukishazima, zungusha visahani kwa mkono mpaka vikae wima, mirija iwe wazi. Vikibaki vimelala vinaziba mirija, sauti inakuwa nyembamba, nawe unajikuta ukipiga kwa nguvu bila sababu.

Virungu viwe vya mpini wa henzirani, kichwa kimezungushiwa uzi, ugumu wa kati. Vigumu mno vinatoa mgongano wa chuma kabla ya noti yenyewe. Vilaini mno vinameza mwanzo wa noti, na kwenye mstari wa haraka huwezi kujua ulitangulia au ulichelewa. Piga katikati ya kibao, juu ya mrija. Epuka mahali kamba inapopita: kila kibao kina sehemu mbili, takriban asilimia 22 ya urefu wake kutoka kila ncha, ambazo hazitikisiki kibao kinapolia, na kamba imepitishwa hapo makusudi. Ukigonga hapo unapata mlio mfu. Kwenye safu ya nyuma unaweza kupiga ncha iliyo karibu nawe unapokwenda kasi. Ncha inatikisika vizuri, ingawa sauti yake ni nyembamba kidogo kuliko ya katikati.

Simama uzito ukiwa mguu wa kushoto. Kisigino cha kulia kibaki sakafuni, sehemu ya mbele ya wayo iwe juu ya pedali. Uzito ukiwa kulia, mguu hauwezi kuinuka kwa haraka, na kila badiliko la kordi litachelewa.

Kumfundisha mguu

Weka metronomu, kifaa cha kuhesabu mapigo, kwenye 60 kwa dakika. Piga F ya chini pamoja na kukanyaga, acha ilie, inua mguu pigo la tatu kamili. Si karibu na pigo la tatu. Juu ya pigo lenyewe. Rudia mara nane, kisha inua kwenye pigo la nne, kisha la pili, kisha katikati ya la pili na la tatu. Ni zoezi la kuchosha na halina muziki ndani yake, lakini ndilo linaloufundisha mguu kwamba mwisho wa noti nao una mahali pake kwenye mdundo. Dakika tano kila siku zinatosha.

Baada ya hapo, skeli ya F, noti moja kwa kila pigo, kila noti iunganike na inayofuata bila pengo na bila kupandana. Mguu unainuka kufumba na kufumbua kabla ya kirungu kugusa kibao, na unashuka pamoja na kirungu. Makosa ni mawili na yanatofautiana kwa sauti. Ukiinua mapema, kuna shimo kati ya noti. Ukichelewa kushuka, noti mpya inapigwa huku felti bado imegusa kibao, na unasikia kitu kama kugonga meza kikifuatiwa na mlio dhaifu. Wengi wakisikia mlio huo hudhani mkono umelegea, wakaongeza nguvu. Mkono uko sawa, sikiliza mguu.

La tatu ni nusu pedali, na bila hiyo hakuna jazi ya mwendo wa kati au kasi. Piga kibao kimoja kwa noti za nusu pigo bila kukoma, mguu ukiwa juu. Sauti ni kavu: tok, tok, tok. Sasa shusha mguu milimita kwa milimita mpaka ukavu uondoke na kila noti iwe na mkia mfupi, unaokufa karibu na wakati ule inayofuata inapopigwa. Hapo ndipo. Felti inapapasa kibao bila kukikaba. Nafasi hiyo ni nyembamba sana na kila chombo kina yake, kwa hiyo unapofika kwenye vibrafoni usiyoizoea, itafute kwanza kabla hujapiga kitu kingine chochote.

Kuna tabia moja inayoharibu haya yote, nayo imewapata karibu wapigaji wote ninaowajua mwanzoni: mguu wa pedali unaanza kuhesabu mapigo. Muziki ukinoga, mguu wa kulia unadundadunda na kukata noti mahali pasipotakiwa. Kumwambia mtu aache hakusaidii, kwa sababu mwili unataka kuhesabu. Upe mwili sehemu nyingine ya kuhesabia: goti la kushoto, shingo, au mapigo ya pili na ya nne kwa mdomo, kimyakimya.

Kirungu kinachopiga na kirungu kinachozima

Mguu una udhaifu mmoja: unazima kila kitu kwa pamoja. Ukitaka noti moja ife na nyingine iendelee, lazima utumie kirungu. Unabonyeza kichwa cha kirungu juu ya kibao kinacholia, kikatulia. Kubonyeza, si kugonga: kichwa kinashushwa karibu kabisa, kinakaa, hakirudi juu. Ukisikia mgongano mdogo, umekiangusha badala ya kukiweka.

Anza na C na D, pedali ikiwa chini muda wote. Kulia kunapiga C. Kushoto kunapiga D, na katika sekunde hiyohiyo kulia, ambako hakujaondoka juu ya C, kunabonyeza C. Kisha kulia kunapiga E na kushoto kunabonyeza D. Endelea hivyo skeli nzima, kupanda na kushuka, kwenye 50 ya metronomu. Skeli ikitoka imeunganika kama ya filimbi bila mguu kusogea hata kidogo, umepata.

Sasa lije zoezi ambalo, kama ningeambiwa nichague moja tu, ningechagua hili. Kila kordi ya jazi inatambulika kwa noti mbili, ya tatu na ya saba ukihesabu kutoka noti yake ya msingi. Nitaziita noti elekezi. Kwa Dm7 ni F na C. Kwa G7 ni B na F. Kwa C yenye saba meja ni E na B. Tazama zinavyosogea: kutoka Dm7 kwenda G7, F inabaki palepale na C inashuka nusu hatua kuwa B. Kutoka G7 kwenda C, B inabaki na F inashuka nusu hatua kuwa E. Kila mara moja inakaa, moja inashuka.

Kanyaga pedali na usiiachie. Piga F kwa kushoto na C iliyo juu yake kwa kulia, pamoja. Subiri mapigo manne. Pigo la kwanza la baa inayofuata, kushoto kunakuja kupiga B huku kulia kunabonyeza C. F inaendelea kulia chini yake. Subiri manne. Kisha kushoto kunapiga E na kulia kunabonyeza F, B inaendelea. Kanuni ya mikono haibadiliki: kushoto kunapiga noti mpya, kulia kunazima ya zamani iliyo jirani yake juu. Ukifanya sawasawa utasikia sauti mbili zikitembea kama waimbaji wawili, mmoja akingoja mwenzake apige hatua. Ukikosea, C na B zitalia pamoja na utasikia mtetemo wa haraka kati yao, unaokuambia papo hapo kwamba kirungu kilichelewa.

Fanya hivyo katika funguo zote kumi na mbili, ukishuka hatua nzima kila mara: C, B-flati, A-flati, G-flati, E, D, kisha anza upya kutoka B na ushuke hivyohivyo mpaka D-flati. Usikimbilie zote siku moja. Ufunguo mmoja kwa siku, dakika kumi na tano, ni bora kuliko kumi na mbili ulizozigusagusa. Funguo zinazochanganya safu ya mbele na ya nyuma zitakulazimu upange ni mkono gani unasimama karibu na ncha na upi katikati, ili virungu visigongane. Mpango huo wa mikono utauhitaji tena kwenye solo, kwa hiyo muda huo haupotei.

Kurudi kwenye mstari ule wa mwanzo

D, F, A, C, B, A, G, F, halafu E kwenye baa inayofuata, zote noti za nusu pigo. Sasa unaweza kuupiga jinsi unavyostahili. Noti nne za kwanza zote ni za kordi moja, kwa hiyo pedali inaweza kuwa chini. Zikichanganyika zinajenga Dm7 na hakuna ubaya. Mguu unainuka kabla ya B. Kuanzia B noti zinashuka hatua kwa hatua, na hatua zikilia pamoja zinatia ukungu, kwa hiyo shika nusu pedali kupitia A, G na F. Inua kabla ya E, kanyaga pamoja nayo, iache ilie. Maamuzi ya mguu katika baa moja ni matatu. Mkono ni ule wa kawaida, kulia na kushoto kwa kupokezana, ukianza na kulia. E itaangukia kulia tena.

Kanuni inayojitokeza ni rahisi kukumbuka: mruko unaruhusu pedali, hatua inaikataa. Noti zinazorukana ndani ya kordi moja zinaweza kulia pamoja. Noti za jirani zinahitaji nusu pedali au kirungu cha kuzima. Ndiyo maana skeli ya noti tano isiyo na nusu hatua, C, D, E, G, A, inaweza kubeba pedali ndefu zaidi bila kuchafuka, na ni mahali pazuri pa kupumzika katikati ya solo yenye noti nyingi.

Ukihamisha mstari huo kwenda E-flati maina, A-flati na D-flati, noti zinakuwa E-flati, G-flati, B-flati, D-flati, C, B-flati, A-flati, G-flati, F. Mikono ya kupokezana bado inafanya kazi, lakini angalia C kwenda B-flati: unatoka safu ya mbele kwenda ya nyuma, na mkono wa pili ukifika katikati ya kibao cha nyuma utachelewa. Piga B-flati kwenye ncha. Mahali pengine utakuta ni nafuu mkono mmoja upige mara mbili mfululizo kuliko kuvukana na mwenzake. Kupiga mara mbili kwa mkono mmoja kuna hatari yake, pigo la pili huwa dhaifu, kwa hiyo liweke mahali ambapo noti dhaifu inafaa, yaani juu ya pigo badala ya katikati ya mapigo. Swingi, ule mdundo wa jazi unaoyumba, inaegemea katikati ya mapigo.

Na hapo ndipo nguvu inapoingia. Chombo hiki hakina ulimi wala midomo. Ukiacha urefu wa noti, unachobaki nacho cha kutamkia maneno ni nguvu. Kirungu kikianguka kutoka sentimita tatu na kikianguka kutoka sentimita kumi na tano ni herufi mbili tofauti. Chukua mstari huohuo na utie mkazo noti ya pili, ya nne, ya sita na ya nane, nyingine ziwe kama mnong'ono. Metronomu iweke kwenye 60 na uihesabu kama pigo la pili na la nne, ili mwendo halisi uwe 120. Itateleza mwanzoni. Usiirudishe kwenye kila pigo kwa sababu hiyo.

Bluzi ya F, noti mbilimbili

Baada ya hapo ingia kwenye wimbo mzima, na hakuna umbo linalofundisha haraka kuliko bluzi ya baa 12 katika F. Baa ya kwanza F7, ya pili B-flati 7, ya tatu na ya nne F7, ya tano na ya sita B-flati 7, ya saba F7, ya nane D7, ya tisa Gm7, ya kumi C7, ya kumi na moja F7, ya kumi na mbili inagawanyika kati ya Gm7 na C7.

Mzunguko wa kwanza piga noti elekezi peke yake. F7 ina A na E-flati. B-flati 7 ina A-flati na D. Zote mbili zinashuka nusu hatua, hakuna inayobaki, kwa hiyo hapa kirungu hakifai: tumia mguu, inua na ukanyage upya pamoja na pigo la kwanza. Kisha fika baa ya nane. D7 ina F-shapu na C. Gm7 ina F na B-flati. C7 ina E na B-flati. F7 ina E-flati na A. Fuata sauti moja tu: F-shapu, F, E, E-flati. Ngazi nzima ya nusu hatua imejificha ndani ya bluzi, na mpigaji anayeisikia hahitaji kukariri misemo ya watu. Nyingine nayo inashuka C, B-flati, inabaki B-flati, kisha A. Kati ya Gm7 na C7 pekee ndipo noti moja inabaki, na hapo ndipo kirungu kinazima F huku B-flati ikiendelea. Kwingine kote ni mguu.

Mzunguko wa pili, fika kwenye kila noti elekezi ukitokea nusu hatua chini yake. Wa tatu, izingire: hatua moja juu, nusu hatua chini, kisha noti yenyewe juu ya pigo. Wa nne, jaza kwa noti za nusu pigo, sharti ni moja tu, pigo la kwanza la kila baa lazima liwe na noti ya tatu au ya saba ya kordi hiyo. Sharti hilo likilegea solo inaanza kutangatanga, hata vidole vikijua skeli. Nimeona ni bora kukaa kwenye mizunguko hii minne kwa majuma sita na wimbo mmoja kuliko kupitia nyimbo ishirini.

Pumzi ambayo chombo hakikupi

Mikono haiishiwi hewa. Kwa hiyo mpiga vibrafoni anaweza kujaza baa 12 bila kusimama, na mara nyingi anafanya hivyo. Tiba ni kuimba. Imba kila unachopiga, hata kama sauti si nzuri, na pumzi ikiisha acha kupiga. Usivute hewa kisirisiri katikati ya mstari. Kisha jipe masharti: baa mbili kupiga, baa mbili kimya, kwa mizunguko mitatu. Katika kimya, uamuzi wa mguu ni muhimu kuliko wakati wowote, maana kimya ambacho noti ya mwisho bado inalia ndani yake ni tofauti kabisa na kimya kilichokatwa. Jaribu vyote viwili na kordi ileile uone jinsi jibu linalokuja akilini linavyobadilika.

Kuimba kunatatua tatizo jingine pia. Mwili haugusani na vibao. Kuna henzirani ndefu katikati, na hakuna kingo za kuhisi kama kwenye piano. Macho ndiyo yanayolenga. Ndiyo maana kusoma karatasi na kubuni kwa wakati mmoja ni vigumu kwenye chombo hiki, na ndiyo maana wimbo lazima uingie kichwani, kordi zake zote, kabla hujaanza kuufanyia solo. Elekeza macho pale safu mbili zinapokutana badala ya kukimbiza kila kibao.

Kusikiliza miisho

Kunakili kwa sikio ni mazoezi ya kila mpiga jazi, ila mpiga vibrafoni anakili na miisho. Chagua baa nne, usizidishe. Ziimbe mpaka uweze bila rekodi. Zipige. Kisha rudi usikilize tena, na juu ya kila noti uweke alama: imekatwa, imeachwa, au imekufa taratibu. Alama hizo zitakufundisha kuliko noti zenyewe.

Lionel Hampton, ambaye alirekodi vibrafoni na Louis Armstrong mwaka 1930, msikilize kwa ajili ya mkazo na mdundo. Anaishika vibrafoni kama mpiga ngoma alivyokuwa. Milt Jackson, wa Modern Jazz Quartet, aliiendesha mota polepole, na noti zake ndefu zinapanda na kushuka kama sauti ya mwimbaji. Nakili bluzi zake, virungu viwili tu, na uangalie ni noti ngapi anaziacha ziishe zenyewe. Bobby Hutcherson atakuonyesha jinsi mtu anavyoweza kwenda mbali na kordi bila kupoteza umbo la mstari. Gary Burton, aliyefundisha miaka mingi chuo cha muziki cha Berklee, alipiga kwa virungu vinne na bila wimbi la mota, na kuzima kwa kirungu kunasikika kwake wazi kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Na Mulatu Astatke wa Ethiopia, ambaye naye alipitia Berklee, msikilize kwa nafasi: skeli za noti tano, noti chache, na nyingine zimeachwa zielee juu ya ngoma na besi.

Kuhusu virungu vinne, maoni yangu ni kwamba usivisubiri miaka. Mshiko wa Burton, ambapo kirungu cha nje kinakatiza juu ya cha ndani kiganjani, unafaa vibrafoni kwa sababu unashika imara na kupiga mistari kwa nguvu. Ukiwa na vinne mkononi, mistari ya solo wengi huipiga kwa kirungu cha ndani cha kushoto na cha nje cha kulia. Wengine hutumia viwili vya ndani. Chagua kimoja na ukae nacho, kwa sababu umbali kati ya mikono unabadilika na macho yanapaswa kujifunza upya. Kwa kusindikiza, kushoto kubebe ya tatu na ya saba, kulia kubebe ya tisa na ya tano au ya kumi na tatu, na noti ya msingi mwachie mpiga besi. Usipige kordi nzito chini ya C ya kati. Vibao vya huko vinalia kwa muda mrefu na vitamfunika.

Jirekodi mara moja kwa juma, mizunguko mitatu ya bluzi, kisha sikiliza ukifuata jambo moja: noti zilizobaki zikilia baada ya kordi kupita. Zihesabu. Juma linalofuata zihesabu tena.

Noti ya mwisho ya wimbo nayo ifanyiwe mazoezi peke yake. Piga kordi ya mwisho, acha pedali chini, tuliza virungu juu ya vibao bila kuvigusa. Vibao vya juu vitatangulia kufa, vya chini vitabaki. Ukiwa na bendi, mtazame mpiga matoazi na uinue mguu pamoja naye. Ukiwa peke yako, inua polepole sana ukipitia ile nafasi nyembamba ya nusu pedali, felti iguse vibao vyote kwa pamoja, na usisogeze mikono mpaka sauti iishe.